Dawati la Haki za Wafanyakazi Msikitini na Kanisani: Namna ya Kulianzisha na Kuliendesha Uganda

Mlinzi wa usiku na mwenye kampuni iliyomwajiri hawakutani sehemu nyingi wakiwa sawa. Msikitini wanasimama safu moja, kanisani wanakaa benchi moja. Ndiyo maana msikiti wa Arua au parokia ya Busia, Malaba au Kasese inaweza kusikia habari za mshahara uliozuiwa mapema kuliko ofisi yoyote ya serikali, na kumfikia mwajiri kabla hajaajiri wakili.

Nafasi hiyo ina hatari yake. Watu wa dini tunapenda suluhu, na suluhu isiyo na tarehe ya mwisho humuumiza mfanyakazi. Sheria ya Ajira ya 2006 inampa mtu aliyefukuzwa isivyo haki miezi 3 tu, tangu siku aliyofukuzwa, kupeleka malalamiko kwa afisa wa kazi. Sheikh akisema tumngoje Hajji arudi safari, padri akisema tuwape nafasi wazungumze wenyewe, mwezi wa kwanza umekwisha. Wa pili unakwenda na ahadi za simu. Wa tatu ukiisha, dai zuri kabisa linaweza kufa, na waliolichelewesha hawakuwa na nia mbaya hata kidogo. Kwa hiyo mwongozo huu wa kuanzisha dawati, yaani kamati ndogo ya kupokea malalamiko ya wafanyakazi, umepangwa kufuata kalenda, na popote suluhu na kalenda zinapogongana, kalenda ndiyo inayofuatwa.

Hatua ya 1: Anzeni na wafanyakazi wenu wenyewe

Kabla ya kumwandikia mwajiri yeyote, mwekahazina alete orodha ya kila anayelipwa na nyumba ya ibada: mlinzi, mfagiaji, mpishi wa parokia, mwalimu wa madrasa, katekista, dereva, walimu na wauguzi wa shule na zahanati zilizo chini yenu. Mbele ya kila jina iandikwe tarehe ya kuanza kazi, malipo ya mwezi, saa za kazi, kama ana barua ya ajira, kama ana namba ya NSSF (mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii), na likizo ya mwisho aliyopata.

Orodha hii huwa inaumiza. Kuna mzee amelinda lango miaka mingi kwa kile kinachoitwa asante, hana barua wala siku ya mapumziko. Mtu anayekuja kwa zamu mliyompangia, akatumwa na kukaripiwa akichelewa, ni mwajiriwa, hata kama bahasha yake mnaiita sadaka. Sheria inataka apewe maelezo ya ajira kwa maandishi ndani ya wiki 12 tangu aanze kazi. Tangu marekebisho ya 2022 kila mwajiri anapaswa kuchangia NSSF, hata mwenye mfanyakazi mmoja. Mwajiri anatoa asilimia 10 ya mshahara juu yake, mfanyakazi anakatwa asilimia 5, na zote zinapelekwa ndani ya siku 15 baada ya mwezi kuisha. Kwa mlinzi wa shilingi 200,000 ni 20,000 zenu na 10,000 zake.

Kama hamwezi kurekebisha yote kwa mkupuo, kaeni na wafanyakazi wenyewe, andikeni ratiba ya miezi na mwisaini. Msiruke hatua hii. Mwajiri wa kwanza mtakayemgusa atauliza mnamlipa nini mpishi wenu, na ana haki ya kuuliza.

Hatua ya 2: Chagueni watu, na muwawekee mipaka

Watu 5 hadi 7 wanatosha. Tafuteni mmoja anayejua hesabu, mmoja anayeandika Kiingereza vizuri (fomu na barua nyingi za serikali ni za Kiingereza, ingawa mlalamikaji anazungumza Kiswahili, Kiganda, Kisamia au Lugbara), angalau wanawake wawili, na kijana anayeshinda viwandani au sokoni na kujua kinachoendelea. Wanawake hawakuwekwa kwa mapambo. Mfanyakazi wa ndani anayesumbuliwa na baba mwenye nyumba hatamweleza mwanaume jambo hilo.

Imamu au paroko asiwe mwenyekiti. Yeye abaki na kazi moja ambayo hakuna mwingine anayeiweza: kumpigia simu mwajiri mgumu wakati unaofaa. Akiwa ndiye anayepokea malalamiko, anaandika barua na tena anapatanisha, nguvu hiyo inaisha mapema.

Sasa jambo ambalo kamati nyingi huliepuka hadi liwavunje: mfadhili. Aliyenunua mabati ya msikiti au spika za kanisa ndiye huyo huyo mwenye hoteli isiyolipa. Amueni mapema, kwa maandishi, na yasomwe mbele ya waumini siku dawati linapozinduliwa: mchango hauondoi malalamiko, mjumbe mwenye undugu, biashara au deni na mwajiri anatoka kwenye shauri hilo, mwekahazina haoni majalada. Kanuni hiyo ikiwapo kabla ya kesi ya kwanza, mfadhili hawezi kusema imetungwa kwa ajili yake.

Mji mdogo hauhitaji madawati manne. Msikiti, Kanisa Katoliki, Kanisa la Uganda na Waadventista wanaweza kuwa na dawati moja. Dini hizi tayari zinakaa meza moja kitaifa katika Baraza la Dini Mbalimbali, IRCU, lililoundwa 2001, kwa hiyo si jambo geni. Faida yake ni kubwa: mwajiri Mwislamu haoni kwamba Wakristo wanamwinda, wala mwajiri Mkristo hawaoni Waislamu hivyo.

Hatua ya 3: Mjue sheria hizi, hata msipojua nyingine

Mkataba wowote, hata wa mdomo, ni mkataba. Saa za kawaida za kazi ni 48 kwa wiki. Kinachozidi ni ovataimu, inayolipwa mara moja na nusu siku ya kawaida na mara mbili sikukuu ya taifa. Hata kwa kazi ya zamu, wastani wa wiki tatu usizidi saa 10 kwa siku au 56 kwa wiki. Kila siku 7 mfanyakazi apate siku moja nzima ya kupumzika. Likizo ya mwaka ni siku 7 kwa kila miezi 4 ya kazi, yaani 21 kwa mwaka, kwa malipo. Mama aliyejifungua ana siku 60 za kazi, baba siku 4.

Notisi inategemea muda aliofanya kazi: wiki 2 kwa aliyevuka miezi 6 lakini hajafika mwaka, mwezi 1 kwa mwaka mmoja hadi mitano, miezi 2 kwa miaka 5 hadi 10, miezi 3 baada ya hapo. Kibarua hawi kibarua milele. Kanuni za Ajira za 2011 zinasema asizidi miezi 4 bila kupewa mkataba wa maandishi. Hili liwekeni mbele kabisa, kwa sababu viwanda na mashamba mengi huwaita watu vibarua mwaka wa tatu.

Mkataba wa maandishi haupaswi kuwa mgeni kwetu. Aya ya 282 ya Suratul Baqara inaamrisha deni liandikwe na liwe na mashahidi. Walawi 19:13 inakataza ujira wa kibarua kulala kwa mwajiri hadi asubuhi. Zikisomwa pamoja kwenye semina moja, waajiri wa dini zote mbili hukosa pa kutokea.

Kuhusu kima cha chini cha mshahara, waambieni watu ukweli. Kiwango kilichopo kisheria kiliwekwa 1984, nacho ni shilingi 6,000 kwa mwezi, kiasi kisichomfaa mtu yeyote leo. Bunge lilipitisha muswada mpya 2019, Rais hakuusaini. Kwa hiyo mtu akija kusema analipwa kidogo mno, dawati haliwezi kumpeleka kwa afisa wa kazi kwa hoja hiyo peke yake. Litambebea kilichozuiwa: malimbikizo, ovataimu, likizo, notisi, makato yasiyo halali. Udogo wa mshahara wenyewe una njia nyingine, nayo ipo hatua ya 8.

Tahadhari moja ya kitaalamu: toleo jipya la sheria za Uganda lilianza kutumika Julai 2024 na namba za vifungu zikabadilika. Vipeperushi vya zamani bado vinazunguka. Kwenye barua tajeni sheria na jambo lenyewe. Namba ya kifungu iwekeni tu mkiwa mmeiangalia kwenye toleo jipya.

Hatua ya 4: Kumpokea mlalamikaji

Siku moja kwa wiki, saa mbili, chumba chenye mlango unaofungika. Wakati mzuri ni baada ya Ijumaa au baada ya misa ya pili Jumapili, kwa sababu mtu anaweza kubaki nyuma bila kuonekana amekuja kushtaki.

Kitu cha kwanza kuandikwa, kabla hata ya jina la mwajiri, ni tarehe ya kufukuzwa na tarehe miezi mitatu itakapotimia. Iandikeni kwa wino mwekundu juu ya jalada. Halafu jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, cheo, tarehe ya kuanza, mshahara, njia ya malipo, saa za kuingia na kutoka, na kilichotokea. Mwandishi akimaliza amsomee yote kwa lugha yake, ndipo asaini au aweke dole gumba. Mchukueni saini ya pili inayowapa ruhusa ya kutunza habari zake na kuzungumza na mwajiri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa na Faragha ya 2019 inawahusu ninyi pia. Asipotaka jina lake litajwe, lisitajwe. Kutajwa mimbarani bila ridhaa kumewafukuzisha kazi watu ambao walikuwa hawajafukuzwa.

Ushahidi. Wengi watasema hawana chochote, na si kweli. Ujumbe wa pesa za simu unaonyesha nani alituma, kiasi gani, tarehe gani, na taarifa ya miezi ya nyuma inapatikana kwa kampuni ya simu. Kitambulisho cha kazi, sare yenye nembo, picha za WhatsApp akiwa kazini, ujumbe wa msimamizi unaosema njoo usiku, ratiba ya zamu iliyobandikwa ukutani. Mlinzi ana kitu bora kuliko hivyo vyote: daftari la matukio analosaini akiingia na kutoka. Akiwa bado kazini, apige picha kurasa zenye saini yake tu, kila wiki, picha moja moja, tarehe ionekane. Asing'oe karatasi, asichukue daftari. Hilo ni wizi na litamgeuzia kesi.

Angalieni sana karatasi ya malipo. Mchezo unaorudiwa mashambani na kwenye majengo ni huu: mstari una jina, nafasi ya saini, na safu ya kiasi iko tupu au imekunjwa chini. Kibarua anasaini, anapewa 150,000, jioni inaandikwa 250,000. Wafundisheni watu mambo mawili: usisaini penye nafasi tupu, na ukilazimishwa kusaini, andika kwa kalamu yako pembeni ya saini kiasi ulichopokea. Asiyejua kuandika anaweza kuandika tarakimu, na tarakimu zinatosha.

Asiye na karatasi yoyote aanze leo daftari la shilingi mia chache: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, kilicholipwa, aliyemlipa. Lililojazwa kila siku kwa kalamu tofauti na mikono yenye vumbi la saruji linaaminika kuliko kumbukumbu nzuri iliyoandikwa usiku mmoja.

Wakimbizi wanaotoka Nakivale, Kyangwali na makazi mengine huambiwa mara nyingi hawawezi kudai kwa kuwa si raia. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inatambua haki yao ya kufanya kazi, na mshahara wa mkimbizi aliyefanya kazi ni deni kama deni lingine.

Hatua ya 5: Pigeni hesabu kabla ya kufungua mdomo

Barua isiyo na kiasi hujibiwa kwa maneno. Chukueni mfano wa mlinzi wa shilingi 208,000 kwa mwezi, aliyefanya kazi miezi 16, saa 12 kwa siku, siku 6 kwa wiki, akafukuzwa bila notisi na bila kusikilizwa, akiwa anadai mishahara miwili na hajawahi kupewa likizo.

Saa 48 kwa wiki mara wiki 52, gawanya kwa 12, ni saa 208 kwa mwezi. Kwa hiyo saa yake moja ni shilingi 1,000, na ya ovataimu 1,500. Anafanya saa 72 kwa wiki, ziada ni 24, sawa na 104 kwa mwezi, yaani shilingi 156,000. Kwa miezi 16 ni 2,496,000. Mishahara miwili ni 416,000. Notisi ya mwezi mmoja, 208,000. Likizo: siku 28 kwa miezi 16, mwezi wa siku 26 za kazi unampa 8,000 kwa siku, jumla 224,000. Kutosikilizwa kabla ya kufukuzwa kuna malipo ya wiki 4, kwa mshahara huu kama 192,000. Jumla ni 3,536,000. NSSF ihesabiwe pembeni, asilimia 15 kwa miezi 16 ni 499,200, kwa sababu hiyo inaingia kwenye akaunti yake ya mfuko, haiji mkononi.

Kama mkataba unataja saa chache kuliko 48, gawanyeni kwa saa hizo. Kama ovataimu ya miezi fulani haina ushahidi wowote, iacheni au iwekeni kwenye mstari wake. Dai lililotiwa chumvi mstari mmoja linamfanya afisa atilie shaka mistari yote. Likizo nayo ina mtego: mwajiri atasema hakuiomba. Kwa hiyo walio bado kazini waombe kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, na wautunze.

Hatua ya 6: Suluhu ya siku 21

Tangu siku ya kupokea jalada, suluhu ipewe siku 21 na isizidi. Siku ya 1 hadi 3 ni za hesabu na barua. Barua iwe ya ukurasa mmoja, ya heshima, ipelekwe kwa mkono na nakala isainiwe na aliyeipokea. Mfano wa mwili wake:

"Mheshimiwa Mkurugenzi, amani iwe kwako. Ndugu aliyetajwa hapo juu alifanya kazi kwako kuanzia tarehe hii hadi tarehe hii. Anadai shilingi 3,536,000 kama zilivyochanganuliwa nyuma ya barua hii. Tunakuomba tukutane wiki hii au ijayo tulimalize jambo hili kwa wema. Tunakujulisha kwamba malalamiko yatapelekwa kwa afisa wa kazi tarehe hii endapo hatutakuwa na makubaliano yaliyoandikwa."

Sentensi ya mwisho isitolewe kwa aibu. Ndiyo inayofanya zile za juu zisomwe.

Asipojibu ndani ya siku 7, hapo ndipo simu ya imamu au paroko inapohitajika. Iwe fupi: "Hajji, asalaam aleikum. Kuna barua ya kijana wetu mezani kwako. Nakuomba uwape kamati saa moja kabla ya Ijumaa." Asianze kujadili kiasi kwenye simu. Akianza tu, kamati haina kazi tena.

Kikao kiwe na mfanyakazi mwenyewe ndani ya chumba. Msimsamehe mwajiri kwa niaba yake. Shinikizo la kusamehe kwa ajili ya Mungu, linalotolewa na watu watatu wenye kanzu au kola mbele ya mtu asiye na kodi ya nyumba, si suluhu, na hadithi ya kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka inasema kinyume chake. Akiamua mwenyewe kupunguza, sawa, iandikwe kwamba ni yeye.

Makubaliano yataje kiasi, tarehe ya kila awamu, njia ya kulipa, na kwamba awamu moja ikikosekana salio lote linadaiwa papo hapo. Mashahidi wawili. Mfanyakazi asisaini maneno "nimepokea haki zangu zote" mpaka awamu ya mwisho iingie. Na ikiwa awamu zitavuka ile tarehe nyekundu, kwanza pelekeni malalamiko, kisha suluhu iandikwe mbele ya afisa wa kazi. Mwajiri mwenye nia ya kulipa hapotezi chochote kwa utaratibu huu. Anayeukataa kwa hasira amewaonyesha alikuwa anangoja nini.

Hatua ya 7: Kwa afisa wa kazi, na zaidi

Afisa wa kazi hukaa makao makuu ya wilaya. Kampala wako kwenye ofisi za KCCA, mamlaka ya jiji. Baadhi ya wilaya hazina afisa kamili, kazi inakaimiwa na afisa wa maendeleo ya jamii, mwenye mafaili mengine kibao. Pelekeni nakala tatu: ya ofisi, ya mwajiri, na yenu yenye mhuri na tarehe ya kupokelewa. Bila mhuri hamjapeleka. Mkiombwa malipo, ombeni risiti ya serikali. Mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, ni shahidi mzuri, si hakimu wa mambo ya ajira, na polisi wasifanywe wakusanyaji wa mshahara.

Afisa akikaa siku 90 bila uamuzi, mlalamikaji anaruhusiwa kwenda Mahakama ya Viwanda. Uamuzi ukitoka na haujawaridhisha, rufaa ni ndani ya siku 30. Mahakama hiyo iko Kampala na hutoka mikoani kwa vikao vya mzunguko. Hapa tafuteni wakili: Platform for Labour Action, FIDA-Uganda (chama cha wanasheria wanawake) na msaada wa kisheria wa Uganda Law Society ni pa kuanzia kwa asiye na pesa. Kwa kufukuzwa isivyo haki sheria inatoa fidia ya msingi ya mshahara wa wiki 4, na nyongeza isiyozidi miezi 3. Waambieni watu kiasi hicho mapema, maana mtaani kuna wanaoahidi mamilioni.

Kuna nafasi ambayo madawati mengi hayaijui, nayo inaokoa kazi kabla haijapotea. Mwajiri anayetaka kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu au utendaji mbaya lazima kwanza amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, amsikilize, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mtu mmoja aliyemchagua mwenyewe. Mtu huyo anaweza kuwa mjumbe wenu. Anachofanya ni kidogo lakini ni kizito: anahakikisha tuhuma imesomwa yote, anaomba muda wa kujiandaa kama barua ilikuja jana yake, anaandika kila jibu, na anasema la kwake mwisho. Asivae kama anakwenda kuhubiri, asitishe, asinukuu maandiko. Waajiri wengi hulegea wakiona tu kuna mtu wa nje anayeandika.

Ajali kazini ina njia yake. Mwajiri ajulishwe kwa maandishi haraka, ndani ya mwezi mmoja, na picha za mashine, jeraha na mahali zipigwe siku hiyo hiyo. Fidia haitegemei kama mwajiri alikosea. Kwa kifo ni mapato ya miezi 60. Familia hupewa ng'ombe na jeneza, ikasaini karatasi, ikanyamaza. Mazishi mengi yanaendeshwa na ninyi, kwa hiyo mko mahali pazuri pa kuuliza karatasi ile inasema nini kabla haijasainiwa.

Hatua ya 8: Kutoka dai la mtu mmoja hadi mshahara wa wote

Majalada 6 ya kiwanda kimoja si bahati mbaya sita. Hapo dawati liwaunganishe wafanyakazi na chama chao, kwa sababu ni chama kinachoweza kujadiliana na mwajiri mkataba wa pamoja, si kanisa wala msikiti. Wa mashamba ya chai na miwa wana NUPAWU, wa maua UHISPAWU, madereva wa malori na bodaboda ATGWU, wa hoteli na supamaketi HTS-Union. Wapeni ukumbi wa kukutania, kwani mara nyingi wanachokosa ni mahali pasipo na msimamizi dirishani. Msiwape viongozi, wachague wenyewe. Katiba, ibara ya 40, inalinda haki ya kujiunga na chama, na hakuna mwajiri anayeweza kuifuta kwa tangazo la ubaoni.

Kwa hoja ya mshahara wenyewe, mnahitaji takwimu zenu. Chukueni familia 10 za waumini wenye kipato cha chini, kila moja ijaze daftari kwa wiki 4: unga wa posho, maharage, mukene (dagaa), mafuta, makaa, maji, pango la muzigo (chumba kimoja), nauli, dawa, ada ikigawanywa kwa miezi. Bei ziandikwe siku ya kununua. Tafuteni familia ya katikati, msitumie wastani, kwa sababu familia moja yenye mgonjwa inauvuruga. Wekeni kiasi hicho kando ya mishahara minne au mitano ya mji wenu. Ukurasa mmoja wa namna hiyo, wenye mihuri ya misikiti na makanisa, unasomeka mbele ya mwajiri, diwani, mbunge wenu na wabunge watano wa wafanyakazi.

Muda wa kuupeleka ndio unaokosewa. Wengi hungoja Mei Mosi, siku ambayo Wakatoliki pia humkumbuka Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, wakatoa tamko zuri. Kufikia hapo bajeti ya mwaka unaoanza Julai karibu imefungwa. Mkitaka wilaya iajiri afisa wa kazi au impe pikipiki na mafuta, nendeni kwenye kongamano la bajeti la wilaya Oktoba au Novemba, mkiwa na ombi moja lililoandikwa. Ombi moja. Orodha ya kumi huishia kwenye kumbukumbu za kikao.

Mimbari itumike kwa kufundisha: namna ya kusoma mkataba, siku ya NSSF, miezi 3. Na mawakala wa kazi za Ghuba wasipewe dakika hata moja ya matangazo kabla dawati halijahakikisha kampuni yao ina leseni hai ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Mama akisikia kazi hiyo imetangazwa na mchungaji, hatauliza swali tena.

Hatua ya 9: Kutunza na kukabidhi

Majalada yakae kwenye kabati la chuma lenye funguo mbili, kwa watu wawili wa nyumba tofauti. Kila miezi mitatu waumini wasomewe idadi bila majina: yaliyopokelewa, yaliyolipwa, yaliyokwenda kwa afisa, fedha zilizopatikana. Dawati lisichukue asilimia yoyote ya kilicholipwa, hata ya nauli. Nauli itoke kwenye kapu lake lililotengwa mwanzoni mwa mwaka.

Katibu akibadilika, makabidhiano yafanyike mezani, jalada kwa jalada. Mpya anasoma kwa sauti tarehe nyekundu ya kila shauri lililo wazi, wa zamani anathibitisha, wote wanasaini. Simu iliyokuwa ikipokea ujumbe wa wafanyakazi ibaki na dawati, isiondoke na mtu.